Namba Saba Tuliila Wenyewe

Mimi ni dereva, si mwandishi, na watu wa kuzungusha maneno hunichosha. Miaka kumi na tisa nimewabeba wasomi wa kituo chetu cha mbegu hapa Kitale, na nimewaona wa kila aina. Kuna wanaolala mara tu nikiwasha gari. Kuna wanaoniita "we dereva" kana kwamba mama yangu hakunipa jina. Jina langu ni Mbogo. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja kulima huku Trans-Nzoia kabla sijazaliwa, na binti yangu wa kwanza anaitwa Wacuka, ndiyo maana wanaonijua huniita Baba Wacuka. Yatosha. Habari hii ni ya Edinah Nekesa wa Matulo, kule Bungoma, na ya aibu tuliyoipata mimi na yeye kwa sababu ya tumbo.

Edinah alisomea biolojia na uchumi kwa pamoja, miaka minne chuo kikuu. Nyumbani kwao hakuna aliyeelewa maana yake. Mama yake, Sellah, alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mtoto anakwenda kuwa daktari, na watu wakaomba na kupiga makofi. Aliporudi na habari ya mimea na uchumi, shemasi mmoja alimuuliza mbele ya watu, "Sasa wewe utafanya nini, utatibu benki?" Kanisa zima likacheka. Edinah mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tukiwa njiani pale Kiminini, na alikuwa bado na hasira kana kwamba ni jana. Alikaa miaka miwili bila kazi, akiuza vocha kwenye kibanda Webuye, huku digrii imefungwa kwenye bahasha chini ya kitanda.

Halafu kituo chetu kikamchukua kwa mkataba wa mwaka mmoja. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulikuwa na aina tisa za kunde, kila aina na kibao chake chenye namba. Mtu wa biolojia pekee angekwambia ni ipi inazaa. Mtu wa uchumi pekee angekwambia ni ipi inauzika. Yeye alitakiwa kusema ni ipi inamfaa mama wa Matulo mwenye robo ekari, ng'ombe mmoja na watoto wanne. Ukimuuliza, alikuwa anasema hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiitafuta tangu azaliwe.

Tukapanda kwa akina mama thelathini, kuanzia Matulo mpaka Ndalu, Machi mvua zilipoanza. Kila mama alipewa vipande tisa vidogo, hatua tatu kwa nne, na sharti moja. Edinah alilirudia kila boma mpaka nikalikariri kama sala: msichume majani. Tunataka kupima punje. Jani ndilo jiko la mmea, alikuwa akiwaambia, ukilichuma mmea unakosa chakula na punje zinapungua. Akina mama waliitikia. Mama Sellah naye, ambaye alikuwa mmoja wa wale thelathini, aliitikia kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Sasa nikwambie jambo ambalo kila mtu anayeijua Bungoma analijua. Kule hutoki katika boma la mtu bila kula. Unaweza kusema umeshiba, unaweza kusema una haraka, unaweza hata kuwasha gari. Utakula. Ukikataa umewatukana, na watalizungumzia hilo mpaka Krismasi. Kila wiki tulikwenda kupima mimea, na kila wiki ugali ulitungoja, na kando ya ugali mboga za kunde, zimechemshwa na maji ya majivu zikalainika, zikatiwa maziwa, zikalala usiku mmoja ili zikolee. Ngai! Mimi nimelelewa kwa githeri, mahindi na maharagwe, lakini zile kunde zilinifanya nisahau kwetu.

Na sikukaa kimya, mdomo wangu huu. Boma la pili au la tatu, kwa mama mmoja wa Ndalu anayeitwa Peris, nilisema, "Mama, hizi za leo ni tamu kuliko za juzi. Ni zipi?" Akacheka, akasema ni za kibao cha saba. Basi tangu siku hiyo nikawa naomba. Nikishuka tu kwenye gari, salamu, halafu: "Iko ile ya saba?" Ilikuwa iko. Edinah alikuwa akinicheka, naye akila, macho yake kwenye daftari la vipimo. Msomi wa mimea na dereva mzee, tumeketi kibarazani, hakuna hata mmoja aliyejiuliza mboga imetoka wapi.

Julai tukavuna, tukapima punje. Kule kituoni Kitale, ambako pia tulipanda, namba saba ilikuwa ya tatu kati ya tisa. Kwa akina mama ilikuwa ya mwisho, tena ya mwisho kabisa, boma baada ya boma. Edinah akasema ni ugonjwa. Kamati ya kuchagua mbegu ilikuwa inakaa baada ya siku tisa, na Dakta Jerono, mkubwa wetu, alikuwa ameshamwambia wazi: lete ripoti safi, inayoonyesha ya kutupa na ya kubakiza, na mkataba wa miaka mitatu uko juu ya meza. Ripoti ilikuwa karibu kuisha. Namba saba ingetupwa, Edinah angepata kazi, na mimi ningeendelea kuendesha gari. Hakuna ambaye angejua.

Lakini huyu msichana hawezi kuacha kitu kimuwashe. Akaniambia twende Matulo tukatazame mashina kabla hayajang'olewa. Akachuchumaa kwa mama yake, kwenye kibao cha saba, na kile kioo chake cha kukuza. Alikaa pale muda mrefu mpaka nikadhani ameona nyoka. Kisha akaniita. Kila shina lilikuwa na makovu, pale jani linaposhikana na tawi, limekatwa kwa ukucha wa kidole gumba. Makovu mengi, ya wiki nyingi. Tukaangalia kibao cha nne: makovu mawili matatu. Cha tisa: hakuna.

Mama Sellah alikuwa anaanika punje uani. Edinah akamwendea, sauti imepanda. "Mayi, nani alichuma haya majani?"

"Wewe," mama akasema.

"Mimi?"

"Wewe na Baba Wacuka. Si nyinyi ndio mlikuwa mnakula?"

Nilitamani ardhi inimeze na gari langu pamoja. Edinah akasema, "Lakini niliwaambia msichume!" Mama akainuka, akajipangusa mikono kwenye leso taratibu, na nikajua hapa tumekwisha. "Mlisema tusichume, na hatukuchuma. Watoto wangu wamekula sukuma wiki ya kununua miezi mitatu, kunde ziko hapo mlangoni. Hata jani moja sikulipikia nyumba yangu. Lakini nyinyi mkija ni nini tutawapa? Shamba ni la ofisi yenu. Tuliwachumia vyenu, tukawapikia nyinyi wenyewe. Kuna wizi gani hapo? Na huyu mzee ndiye alikuwa anaulizia ile ya saba. Tungemnyima?"

Tulipita kwa Peris siku hiyo hiyo. Alitujibu neno kwa neno, kana kwamba walipigiana simu. Kwa wale wengine vilevile. Wanawake thelathini, waaminifu kiasi kwamba walinyima watoto wao, na waliolitafuna jaribio ni wapimaji.

Tukirudi Kitale, tukafika Kamukuywa. Hapo nikashindwa. Nikamwambia, na sikujivunia kusema hivyo, "Madam, hii maneno si iishie hapa? Kunde ni kunde. Andika ugonjwa." Nina watoto wawili sekondari, nisingependa kuandikiwa barua kwa sababu ya mboga. Edinah alikuwa analia, lakini kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Nilikua nikila kunde kila siku ya Mungu," akasema. "Mama yangu alitulea kwa majani, punje zilikuwa za mbegu tu na za Krismasi. Mimi nikaenda shule miaka minne nikarudi kupima punje. Hesabu yangu yote ya faida haina jani hata moja, Baba Wacuka. Sasa hii ya saba ni ya mwisho kwa sababu ndiyo watu wanaitaka. Nitaitupaje?"

Nilipandisha gia.

Siku ya kamati nilikuwa nje naosha vioo. Karani akaja akasema naitwa ndani. Nimefanya kazi pale miaka kumi na tisa, chumba kile nilikuwa nimeingia mara moja tu, kubeba viti. Watu sita mezani, Edinah amesimama mbele, uso umemkauka. Ripoti yake ilikuwa imesema majani yalichumwa na kuliwa na "mpimaji." Mpimaji mmoja. Mimi hakunitaja popote. Dakta Jerono akanitazama juu ya miwani. "Mzee Mbogo, huyu anatuambia alikula namba saba peke yake, boma thelathini, miezi mitatu. Wewe ulikuwa naye. Ni kweli?"

Ningeweza kusema sijui, mimi hukaa kwenye gari. Lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini nikamwona msichana wa watu amesimama pale, amebeba sahani yangu kichwani. Nikasema, "Si kweli, Dakta. Mimi nilikula kuliko yeye. Na mimi ndiye niliyekuwa naomba ile ya saba."

"Kwa nini ya saba?"

"Dakta, umewahi kuonja hizo zingine? Namba tisa ni kama kutafuna gunia."

Mmoja alicheka, wengine wakainama. Dakta Jerono hakucheka. Alisema msimu mzima umepotea, na ni kweli ulikuwa umepotea. Mimi nikapewa barua ya onyo, bado ninayo. Ule mkataba wa miaka mitatu ukaondolewa mezani. Edinah akapewa miezi minne, mvua za vuli, arudie kazi yote vizuri: kila aina vipande viwili, kimoja cha kuchuma na kimoja cha kuacha, na kila jani lipimwe kabla ya kuingia sufuriani. Ikishindikana, aende nyumbani.

Basi tukagawa mizani za kuning'iniza na madaftari. Edinah alichora mistari mwenyewe: tarehe, namba ya kibao, uzito, halafu nafasi tatu za kutia alama, majani yamekwenda wapi. Nyumbani. Soko. Mgeni. Akaenda soko la Webuye kila wiki kuuliza bei ya fungu la kunde, ili kila jani alipe thamani yake. Mimi nikaanza kubeba chakula changu kwenye kikopo, na akina mama wakaninunia vibaya sana, mpaka tukakubaliana nile, lakini sahani yangu ipimwe. Mwandiko wa Peris ndio huo nilioukuta kwenye daftari lake: "Mbogo, tena."

Sipendi kuweka mtu roho juu, kwa hiyo nitakwambia mapema. Zilipojumlishwa punje na majani, namba saba ilishinda zile nane zingine, tena kwa mbali. Ilipita. Edinah akapata miaka yake mitatu mwezi wa Desemba. Lakini linalonikaa moyoni ni siku ile tulipokwenda kukusanya madaftari, wiki mbili kabla ya kamati, wakati hakuna aliyejua bado.

Boma la mwisho lilikuwa la Mama Sellah. Ujue kwamba tangu aajiriwe, Edinah hakuwa amelala kwao hata usiku mmoja. Kitale hadi Matulo ni saa moja na kitu, lakini alikuwa anakuja na gari la kazi, anapima, anakula, anaondoka na gari la kazi. Nadhani alikuwa anangoja awe na kitu cha kuonyesha, wale wa kanisani wasimuulize tena kuhusu benki.

Alifungua daftari pale pale kibarazani, akawa anapitisha kidole. Akasimama. "Mayi, umekosea hapa. Na hapa. Zote hizi." Nikachungulia. Kila Alhamisi tuliyokuja, kulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza: "Baba Wacuka," na alama kwenye mgeni. Wa pili: "Edinah," na alama kwenye nyumbani.

"Siku hizo nilikuja kikazi," Edinah akasema. "Wale wengine wote wameniweka mgeni. Lazima iwe sawa, la sivyo hesabu itaharibika."

"Wale wengine hawakukuzaa," mama yake akasema, na akaendelea kuchambua mboga.

Edinah alishika kalamu. Aliishika muda, kifuniko mkononi, na mimi nikaenda kwenye gari nikajifanya naangalia tairi. Kisha akaifunika, akalifunga daftari, akaja akanipa rundo lote la madaftari.

"Baba Wacuka," akasema, "leo utarudi Kitale peke yako."