Shangazi Alivua Gambuti Akaushika Waya wa Zabibu

Zabibu zilimuuma Debora mbele ya macho yangu.

Najua inavyosikika. Hata mimi ningeisoma kwa mtu mwingine ningesema huyu katunga. Lakini nilikuwepo. Nilikuwa mstari wa pili kutoka kwake, kreti mkononi, nikamwona ananyoosha mkono kukata kishada, akapiga ukelele mfupi, akadondoka chali kwenye tope.

Hapakuwa na nyoka wala nyuki. Ni zabibu tu, na ule waya wa chuma zinakotambalia.

"Imeniuma," alisema alipoweza kusema. "Imeniuma tena."

Hilo "tena" ndilo lililoniharibia siku.

Naitwa Munira. Kwetu Kondoa, ila naishi Dodoma mjini, nauza chaja na kava za simu kwenye kibanda. Msimu wa zabibu ukifika nafunga kibanda naenda Makutupora kumsaidia shangazi yangu Sikudhani, dada wa baba.

Shangazi ni mjane. Shamba lile ndilo analolilia na ndilo analochekea. Si mtu wa maneno mengi, na msaada haombi hata akiwa anazama. Kutwa yuko ndani ya gambuti zake nyeusi, mpaka huwa namtania kwamba siku akizivua miguu itashangaa kuona jua.

Siku hiyo gari la mnunuzi lilikuwa linakuja jioni. Zabibu zimeiva kupita kiasi, upepo wa Agosti unapiga, zikikaa kidogo zinaanza kupasuka. Kila dakika nahesabu mistari iliyobaki.

Na hapo ndipo Cornel akaweka mkasi chini.

Cornel ndiye kiongozi wa wachumaji. Si mkorofi, na hilo ndilo lililonitisha. Akiwa mkorofi ningemjibu.

"Mama," alimwambia shangazi, "kwa heshima zote. Sisi hatuchumi tena. Hili shamba umelizindika."

Kwa asiyejua: kwetu huku mtu akichoka kuibiwa anaweza kumwita mtaalamu amfungie shamba kwa dawa. Mwizi akigusa, ananaswa. Shida, wanasema, dawa ikiwa kali sana haichagui. Inamnasa hata mchumaji halali.

"Tangu jana kila tukimwagilia tunaumwa," Cornel akaendelea. "Mimi nimeumwa. Vijana wangu wameumwa. Leo Debora kaanguka. Wewe unashika waya huo huo kutwa nzima, haukufanyi kitu. Tufikirie nini?"

Shangazi hakujibu. Nikamjibia mimi.

"Si uchawi, ni shoti. Waya wa pampu umepita humo humo kwenye nguzo za zabibu. Zimeni pampu muone."

Nilijiamini kweli.

Fundi Mazengo, anayeiangalia pampu, akaenda kwenye kibanda cha mita akazima swichi. Tukasikia pampu inanyamaza. Maji kwenye mipira yakakoma. Cornel akausogelea waya, akaugusa kwa mgongo wa mkono, akaruka nyuma kama mtu aliyegusa sufuria ya ugali.

Akanigeukia.

"Haya Munira. Pampu imezimwa. Shoti imetoka wapi?"

Watu wote wananitazama, na mimi nimesimama pale mdomo wazi.

Mazengo akaapa kwamba kazima. Nikaenda kuhakikisha mwenyewe. Kweli, swichi iko chini, imezimwa. Mazengo hakuwa mwongo.

Nikarudi nikakuta mambo yamechacha. Cornel anamtaka shangazi aape. Ashike msahafu, aseme hajaweka kitu shambani, basi yaishe, watu warudi kazini.

Nikashusha pumzi. Shangazi ni mtu wa swala tano. Nikajua hapa tumemaliza.

"Kuapa siapi," akasema.

Watu wakaguna. Mimi mwenyewe nikamkodolea macho.

"Lakini waya nitaushika," akasema. "Peku, kwa mikono miwili, mbele yenu. Kama nina kitu, kinimalize."

"Pale pale Debora alipoanguka," mtu akasema kutoka nyuma.

"Hapo hapo. Nipeni nafasi niswali adhuhuri kwanza."

Akaondoka kwenda kutia udhu, taratibu, hana wasiwasi wowote. Nilimfuata nikamshika kanga.

"Shangazi, usifanye hivyo. Kuna kitu hapa sikielewi."

"Huelewi, basi niache."

Sasa nieleze jambo moja. Mimi niko kwenye grupu la WhatsApp la watu wanaojifunza umeme na elektroniki kuanzia sifuri. Nilijiunga nijifunze kutengeneza chaja zinazorudishwa na wateja. Humo nasifika kwa maswali ya ajabu. Nilishauliza kwa nini soketi ina matundu matatu wakati chaja yangu ina miguu miwili. Nilishauliza kwa nini ndege akitua kwenye waya wa umeme hafi. Walinicheka, ila walinijibu.

Mtandao shambani ni wa kubahatisha. Nikakimbia mpaka barabarani, nikapanda juu ya kreti tupu, nikaandika: "Swichi ikizimwa, umeme unaenda wapi?"

Jibu la kwanza: "Unaenda kulala."

La pili: "Huyu dada leo kaamka na mpya."

Vikaragosi vya kucheka vikamiminika. Nilitamani kuitupa simu. Nikaandika tena, herufi kubwa: "KUNA MTU ANAKWENDA KUUSHIKA WAYA SASA HIVI. PAMPU IMEZIMWA LAKINI WAYA BADO UNAPIGA. KWA NINI?"

Grupu likanyamaza.

Halafu akaingia Sostenes. Huyu simjui kwa sura, najua tu ni fundi na hana utani.

"Swichi imekata waya gani?"

"Sijui. Kuna wangapi?"

"Umeme unakwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Ukikata wowote, pampu inazima. Kama swichi imekata wa kwenda, mko salama. Kama aliyefunga kakosea, akakata wa kurudi, pampu itazima ila waya wa kwenda una moto, yaani umeme, mpaka mwisho. Unasubiri njia ya kurudi. Mtu akigusa, njia ni yeye."

Nilisoma mara mbili.

Nikaandika: "Mbona kuna mmoja haumpigi?"

"Kavaa nini miguuni?"

Nilikuwa nimesharuka chini kutoka kwenye kreti.

Gambuti. Mpira mtupu, kutwa nzima. Wachumaji wengine wana kandambili zilizolika, wengine peku, wote kwenye tope la maji tuliyomwagilia asubuhi. Na shangazi alikuwa anakwenda kuzivua gambuti zake kwa hiari.

Kutoka barabarani niliona watu wameshafanya duara. Sikumwona shangazi kwenye msala. Maana yake kaswali kamaliza.

Ningepiga kelele wasingenisikia, upepo ulikuwa unavuma kuja kwangu. Na hata wangenisikia, nani angeniamini? Nilishawaambia ni shoti nikaumbuka. Nikaamua kukimbilia kibanda cha mita.

Mle ndani, juu ya ile swichi ya pampu, kuna mein swichi, ile inayokata umeme wote kwa pamoja. Nikaivuta chini kwa mikono miwili. Ikagoma. Nikaivuta tena nikiwa nimeuma meno, ikashuka.

Ukimya. Pampu ilikuwa imezimwa tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna kilichobadilika. Hakuna taa iliyozimika, hakuna mlio. Sikuwa na njia ya kujua kama nimewahi au nimechelewa.

Nikatoka mbio kati ya mistari, majani yananichapa usoni, nasema "Ya Rabi, Ya Rabi" mpaka nikawafikia.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye tope. Peku. Mikono yote miwili imeushika waya, macho kayafumba.

Alikuwa anapumua.

Debora akaanza kulia, na Cornel akapiga goti pale pale kwenye tope.

"Mama, tusamehe. Tumekuonea."

Watu wakaanza kumshika shangazi mikono. Wengine wakaokota mikasi yao. Gari linakuja jioni, kazi inarudi, jina la shangazi limesafishwa mbele ya watu wote. Kila kitu kimekaa sawa.

Na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba mein swichi iko chini.

Jamani, sijawahi kuteseka hivyo. Nikinyamaza, shangazi yuko huru. Lakini kesho Mazengo atakuta umeme hakuna, atapandisha mein, na mchumaji mwingine atagusa. Nikisema, wataniambia nimemlinda ndugu yangu, na zamu hii hawatakuwa wapole.

Nilimtazama Debora, sketi yake bado ina tope mgongoni.

"Nimezima mein swichi," nikasema.

Cornel akainuka polepole. "Umesemaje?"

"Nimeizima kabla hajashika. Huo waya sasa hivi hauna umeme. Ukiwashwa utaua mtu."

Hapo palichafuka. Mmoja alisema ni mchezo wa familia. Mwingine alisema walijua tangu mwanzo. Shangazi alinitazama kwa jicho ambalo mpaka leo silisahau, jicho la mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

"Msiniamini mimi," nikasema. "Mazengo, nenda kapandishe mein. Swichi ya pampu iache chini vile vile. Wengine wote sogeeni mbali na nguzo."

Mfukoni nilikuwa na testa, ile bisibisi ya fundi yenye kitaa kidogo ndani kinachowaka ikigusa umeme. Huwa natembea nayo kwa kujionyesha tu, kusema kweli. Nikakanyaga kreti kavu, nikaigusisha kwenye waya.

Jua kali, hakuna aliyeona kitu. Wakaanza kucheka. Nikavua mtandio, nikaifunika testa mpaka kukawa na kiza kidogo ndani.

"Njooni mchungulie. Msiguse."

Cornel akachungulia wa kwanza.

"Kinawaka," akasema.

Wakaja mmoja mmoja, wanainama, wanachungulia ndani ya mtandio wangu. Mazengo aliporudi akachungulia pia, kisha akashika kichwa.

"Pampu imezimwa kabisa," akasema. "Hii swichi nimeikuta imeshafungwa na fundi mwingine. Sikuwahi kuifungua."

Tukazima mein tena. Mazengo akaufuata waya wa pampu nguzo hadi nguzo, mpaka alipokuta umefungwa kwa binding waya, ule waya mwembamba wa kufungia nondo. Upepo umeuchezesha miezi yote hiyo, plastiki imelika, shaba inagusana na waya wa zabibu. Akaifungua na swichi, akakuta ni kama Sostenes alivyosema. Imekata wa kurudi.

Tulichuma kwa kukimbizana, bila umeme wowote shambani. Cornel alichuma mstari wa Debora pamoja na wake. Gari lilipakia, likaondoka.

Nilikuwa na furaha, ila nilikuwa bado sijatulia, na sikujua kwa nini.

Nikamkuta shangazi kona ya mwisho ya shamba. Kachuchumaa, bado peku, anachimba udongo chini ya nguzo kwa kisu cha kupogolea. Akatoa kichupa kilichofungwa kitambaa chekundu.

"Wezi walinimalizia mistari mitatu msimu uliopita," akasema bila kunitazama. "Nikamwita mtu. Nilimwambia sitaki auawe mtu, ashikwe tu. Jana walipoanza kusema wanaumwa, nikajua ni hii. Debora alipoanguka leo, nikajua imezidi."

"Kwa hiyo ulipovua gambuti..."

"Nilijua nakufa, Munira. Mimi ndiye niliyeiweka. Afadhali inimalize mimi kuliko mtoto wa watu."

Nilidhani nimemkimbilia mtu anayesingiziwa, kumbe nilimkimbilia mtu aliyeshajihukumu mwenyewe, akatia udhu, akajikabidhi kwa Mola wake, akaenda. Nilimkumbatia nikalia. Yeye hakulia.

Akanisukumia kile kichupa.

"Pima na hiki," akasema.

Nilitaka kumwambia chupa haipimwi hivyo, kwamba ni mizizi na mafuta tu, haina pa kutoa umeme. Nikaona uso wake. Nikatoa testa, nikaigusisha kwenye chupa, nikafunika kwa mtandio, akachungulia. Akachungulia muda mrefu kuliko wote.

"Hakiwaki," akasema.

"Hakiwaki, shangazi."

Ndipo akalia.

Nimeandika haya kwa ajili yenu mnaoogopa kuuliza maswali mepesi kwenye magrupu mkichekwa. Ulizeni. Ukiambiwa umeme umezimwa, usiamini swichi, pima, na kama huna cha kupimia usiguse. Ukiona waya unapiga, zima mein, ita fundi, acha viapo. Na ukimwona mtu wako anakubali kushtakiwa bila hata kujitetea, usishangilie ujasiri wake. Kaa naye umuulize anabeba nini, kabla hajavua viatu.