Moto wa Mama Marta Ndani ya Tangi

Mwaka 1958 tangi la maji la kanisa la Ilomba lilipopasuka, hakuna aliyesema kwamba saruji husinyaa ikikauka. Walisema Andendekisye ameiba mifuko. Ndiye aliyelijenga, baada ya miaka kumi na mmoja ya kujenga makaravati ya kupitishia maji chini ya barabara ya Iringa, na hakuwahi kuiba hata msumari, jambo ambalo mafundi wenzake walilihesabu kuwa udhaifu.

Ezekia, mzee wa kanisa, alimpa nafasi moja. "Likivuja tena, fundi, tunamwita mtu wa Iringa. Na jina lako utalitafutia kazi nyingine."

Injinia mmoja wa barabara akampa mfuko wa saruji ngeni. Hii, siku za mwanzo, huvimba kidogo. Ikibanwa ndani ya ufa hujikaza na kuuziba. Ila sharti inywe maji siku saba, la sivyo itasinyaa kama zile nyingine.

Andendekisye akauchimba ufa, akaujaza, akaufunika kwa magunia mabichi, akawa anayamwagia maji kutwa. Waumini walimhurumia. Kwao nyumba mpya ikishakandikwa huwashwa moto ndani ili udongo ukauke, hasa Juni, baridi inapouma. Huyu analowesha.

Siku ya tatu, akitoka mtoni, aliona moshi tangini. Mama Marta, mke wa Ezekia, alikuwa ameondoa magunia na anapuliza kuni.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakusaidia, mwanangu. Ukuta wako umekataa kukauka."

"Sitaki ukauke. Unakunywa."

"Unakunywa. Na ndizi je, tuupikie?"

Aliumwagia moto ndoo nzima, akarudisha magunia, akaketi humo tangini. Siku nne zilizobaki alishinda humo, akitoka kuteka maji tu. Mama Marta alinuna siku moja, kisha akamletea ndizi, akauliza kama ukuta nao umeshiba.

Siku ya nane wakalijaza. Ezekia alipapasa ufa kwa nje, akakitazama kiganja chake. Kikavu.

"Halivuji," alisema, kama mtu aliyekwisha mwandikia barua yule wa Iringa.

"Ule moto," alisema Mama Marta.

Andendekisye alifikiria kueleza habari za kuvimba, akaacha. "Ulisaidia, Mama."

Ezekia akakohoa. "Kuna msingi wa shule, fundi. Utaanza lini?"

Andendekisye alikuwa anakunja magunia. "Mama akienda kumsalimu binti yake Iringa," alisema. "Wiki moja tu inatosha."