Baiskeli Isiyo na Chapa

Juzi, katika kibanda cha chai pembezoni mwa Kitale, mwanamke alisugua sufuria kwa ganda la ndimu, na harufu ile ya uchachu na madini ikanifanya niweke kikombe chini. Nimelala katika miji mingi tangu nitoke kwetu, lakini pua yangu haijakubali kwamba tulihama.

Garissa niliingia nikiwa na miaka kumi na miwili, juu ya lori la mbuzi kutoka ng'ambo ya Bura. Ukame ulikuwa umemwachia baba ngamia wawili na vinywa saba, na kinywa kimoja kikatumwa mjini. Safari ilituchukua siku mbili. Magurudumu yalizama mchangani mara tatu, na kila mara mbuzi walishushwa na kupandishwa tena, nami nikisukumwa pamoja nao kwa fimbo ileile.

Mjomba wangu alinipokea katika mtaa wa Waberi. Kwetu mpwa humwita mjomba wake abti, na mjomba naye humwita mpwa abti. Neno moja linakwenda na kurudi kama salamu. Kila kitu cha abti kilikuwa cha kijani: lango, pipa la maji, mlango wa choo, mkokoteni wa punda, na kwa muda fulani jogoo mmoja aliyepita karibu wakati lango likipakwa. Huko malishoni abti alikuwa na ngamia wenye chapa ya moto shingoni, ambayo mtu angeisoma kwa mbali na kujua mwenyewe ni nani. Ngamia waliisha. Mjini akanunua mkebe wa rangi.

Alikuwa mlinzi katika boma la wachimba visima, nao walipofunga kazi walimwachia baiskeli. Jua lilikuwa limeibandua rangi yake ya zambarau, na watoto wa mtaa wakaiita punda mwenye upele. Abti akanipa mimi.

"Ni yako, abti. Jumamosi nitaipaka."

Sikuhitaji kuuliza atapaka rangi gani. Lakini jioni ile nilikwangua upele kwa kisu na chini yake nikakuta alumini nyeupe, nyepesi, safi kama mfupa uliolambwa na mvua. Nikamwambia sitaki rangi.

"Kitu kisicho na chapa," alisema, "ni cha wa kwanza kukikuta."

"Hiki kina mwenyewe."

"Nani?"

"Mimi."

Sikuwa nimewahi kumjibu mkubwa namna ile. Khadra, mkewe, alikuwa akiosha vyombo.

"Mwache," akasema. "Sufuria zangu hazina rangi na hakuna aliyeziiba."

"Nani aibe sufuria zilizoungua?" abti akamjibu. Kisha akanigeukia. Ikifika Jumamosi fremu inang'aa, ataiacha. Isipong'aa, brashi itafanya kazi yake.

Nilifungua magurudumu, mnyororo na usukani, nikalaza fremu juu ya gunia uani. Siku tatu nilisugua kwa msasa na maji ya sabuni, wa kukwaruza kwanza, halafu laini, mpaka vidole vikapoteza alama zake. Zambarau ikaisha. Fremu ikawa nyeupe, lakini nyeupe iliyolala, isiyomrudishia mtu chochote.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtoto wa mjini asingelifanya. Nilikuwa nimemwona Khadra akisugua sufuria kwa majivu. Na kwetu, mama alipoandaa chombo cha maziwa, alitia vijinga vya moto ndani, akakifukiza na kukifunika, na kadiri moshi ulivyokaa ndivyo maziwa yalivyonoga. Nikaunganisha elimu hizo mbili. Alhamisi nilikoroga majivu na maji, nikaipaka fremu yote tope hilo, nikaifunga kwa gunia bichi na kuiacha mpaka asubuhi, ili inoge.

Ijumaa nilifungua gunia nikakuta fremu imekuwa ya kijivu kizito, ina madoa kama iliyotolewa jivuni.

"Watu wa baadiye wameoka baiskeli," mtoto wa jirani akatangaza juu ya ukuta. Baadiye ndiko malishoni, nilikotoka.

Abti alitazama. Alichukua mkebe wa rangi akautikisa karibu na sikio, kama mtu anayesikiliza kama nazi ina maji.

Khadra alisubiri atoke kwenda swala, akaniwekea ndimu sita mapajani. "Majivu hukaa kidogo tu, wewe. Ukiyaacha yanakula. Anza upya." Nikaanza upya: ndimu, msasa, kisha dawa ya meno kwa kipande cha kikoi kikuukuu cha abti. Kitambaa kikawa cheusi tititi. Nilikifua, kikawa cheusi tena, nikakifua tena, machozi yananitoka kwa kuwa uchafu haukuwa na mwisho. Khadra akaninyang'anya beseni.

"Usifue. Huo weusi ndio unaong'arisha."

Jumamosi abti alikuja na brashi mkononi. Akainama juu ya fremu, akaona ndevu zake, akazitengeneza. Akafunika mkebe.

"Hii utaulizwa mpaka uzeeke," alisema.

Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka kwa basi la Nairobi, baiskeli ikiwa imefungwa juu, na abti akanisindikiza mpaka kizuizi cha darajani. Abiria wote tulishuka, vitambulisho mkononi. Askari akatazama juu.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Wewe? Umeitoa wapi?"

Sikuwa na karatasi yoyote. Dereva alikuwa ameshaanza kukohoa kwa ukali. Abti akasogea, na kwa Kiswahili chake kisichopatana na herufi p, akasema:

"Afande, baskeli ni yake. Mimi nilitaka baka rangi, yeye nakataa. Siku tano anasugua. Uliza mtaa yote."

"Ungeipaka, mzee, ingekuwa rahisi."

"Hiyo mimi namwambia miaka sita."

Watu wakacheka, askari naye, nikaruhusiwa kupanda.

Kwa muda mrefu niliamini kijani kile kilikuwa uroho wa kumiliki. Ilinibidi nisimame kwenye vizuizi vingi, katika nchi niliyozaliwa, nikiulizwa mimi ni wa nani na vitu vyangu nimevitoa wapi, ndipo nikaelewa kwamba abti alitaka kunijibia swali kabla halijaulizwa. Alikuwa na haki. Nakiri hivyo, na bado ningesugua tena, siku tano au hamsini. Wanaouliza na waendelee kuuliza.

Basi lilipovuka Tana nilichungulia dirishani. Abti hakunipungia mkono. Alikuwa amemshika askari begani, bado anamweleza.