Kesi ya Mkoromo wa Mchana

Mimi sikoromi. Nilisema hivyo miezi mitatu mfululizo, mikono kiunoni, katika chumba chetu cha Naif, mjini Dubai, na aliyenibishia nilimuuliza kama kwao hawakumfunza adabu.

Chumba chenyewe kilikuwa nusu ya sebule iliyogawanywa kwa plaiwudi. Tulikuwa wanawake sita, lakini mchana tulilala wawili tu: mimi, niliyefua mashuka ya hoteli usiku kucha, na dada mmoja wa Uganda aliyekuwa askari wa usiku kwenye jengo la kliniki kule Oud Metha. Wenzetu wanne walishinda kazini. Kwa hiyo mtu akikoroma mchana, shahidi ni mmoja, naye ndiye mshtakiwa wa pili. Simu zetu zilikuwa za tochi, za kurekodi sauti hatukuwa nazo.

"Ni wewe, dada yangu," aliniambia kila tulipoamka. "Mimi nasikia. Kama jenereta."

"Nyani haoni kundule," nilimjibu. "Leo umeniamsha mara tatu."

Tungebishana hivyo mpaka mikataba yetu iishe, kama si Mfilipino mmoja aliyekaa upande wa pili wa plaiwudi. Naye alikuwa mtu wa usiku, akioka mikate. Siku moja alimvizia mama mwenye chumba mlangoni, akamwambia kwamba hapati usingizi, na kwamba asiposikilizwa atakwenda kumwambia mlinzi wa jengo tunalala wangapi mle ndani. Mama huyo alikuwa mtu wa Mombasa, akinunua nguo za jumla na kuzipeleka kwao, na chumba kilikuwa kwa jina lake. Alituita sote wawili.

"Sitaki kujua ni nani," akasema. "Apone, ama ahame. Ijumaa asubuhi nitakaa hapa nisikize mwenyewe. Nitakayemsikia, khalas, afunge virago."

Niliogopa, leo naweza kusema. Kutoka pale hadi hotelini nilitembea dakika kumi. Kuhama maana yake ni Sharjah, basi na foleni, kwenda na kurudi, nilale saa ngapi? Tena kulikuwa na jambo ambalo ningekatwa kichwa kabla ya kulikiri: baba yangu alikoroma, mashangazi zangu wote wanakoroma, na pua hii nimeichukua kwa baba.

Nikapiga simu kwetu Tanga. "Mama, kuna rafiki yangu anakoroma, tumsaidieje?"

"Huyo rafiki yako," akasema mama, "namsikia tangu yuko darasa la pili."

Kisha akanipa dawa, zote za jikoni. Asuuze pua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Ajifukize mvuke wa majani ya nanaa, shuka kichwani. Anywe chai ya tangawizi na asali, na asishibe wali kisha akajitupa kitandani. Zaidi ya yote alale ubavu, maana mkoromaji akilala chali ndipo balaa linapoanza. Baba alikuwa akishonewa kifuu cha nazi mgongoni mwa fulana, kila akigeuka chali kinamchoma, anarudi ubavu bila kuamka.

Kifuu Naif nitakipata wapi? Nikanunua mpira wa tenisi, nikaupachika ndani ya soksi, soksi nikaishona mgongoni mwa gauni la kulalia, na juu yake nikavaa dera ili asiione mtu. Pua nilisuuza bafuni, nimefunga komeo. Mficha uchi hazai, najua, lakini nimfunulie nani? Yule niliyemwambia miezi mitatu kwamba ni yeye? Kitu kimoja tu kilinishangaza wiki ile. Tangawizi yangu ilikuwa ikipungua haraka kuliko ninavyoinywa, nikasingizia panya.

Ijumaa asubuhi yule mama mwenye chumba akaweka kiti cha plastiki katikati ya vitanda vyetu, akakaa na tasbihi yake. "Haya, laleni."

Usingizi wa kuamriwa hauji. Nilifumba macho, nimejikaza ubavu kama mbao, nikimsubiri mwenzangu aanze. Alikawia. Nikahesabu magari ya chini, nikasoma dua zote ninazozijua. Hatimaye nikausikia, mkoromo mnene, unapanda na kushuka. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafumbua jicho moja nimwone akiaibika.

Naye alikuwa amefumbua lake, ananitazama mimi.

Tukageuka pamoja kukitazama kiti. Mama mdomo wazi, kichwa kimeanguka nyuma, tasbihi iko sakafuni. Dada wa Uganda akageukia ukutani kuficha kicheko ndani ya mto, na alipogeuka nikaona mgongoni mwake, chini ya fulana, nundu ya duara, saizi ya mpira wa tenisi.

Kicheko kilinikauka. Niliona haya kwelikweli. Nikaketi, na yeye alipogeuka akaketi, nikampa mgongo na kulivuta dera likaze, aone nundu yangu.

"Dada, ni mimi," nikanong'ona.

"Banange, jamani, na mimi," akasema. "Na tangawizi pia ni mimi."

Pale pale plaiwudi ikagongwa, ngumi tatu. Mama akazinduka. "Ni nani? Ni nani kati yenu?"

Alitutazama tulivyoketi, macho makavu bila tone la usingizi, kisha akaitazama tasbihi yake sakafuni. Hakuwa mjinga. Akainama akaiokota, akaipangusa, akaweka mtandio wake sawa.

"Ile tangawizi inayonuka humu wiki nzima," akasema, "imebaki?"

Tukasema imebaki.

"Basi chemsheni vikombe vinne. Cha nne nitampelekea yule Mfilipino mimi mwenyewe, nimuombe radhi."