Chisenga Nyekundu, Kabuta Kijani

Mukubwa wangu wa kazi kwenye biro ya uvuvi, ofisi ya kando ya ziwa huko Nchelenge, alikuwa Mubemba wa umri wa baba yangu, nami nilimwita Batata, yaani baba. Wazazi wangu walitoka Kongo, kwa hiyo alipenda kunisemesha Kiswahili alichokiokota kwa wachuuzi wa samaki, kile cha "njo" badala ya "ndiyo".

Kazi yangu ilikuwa kuchora grafu kwa kompyuta. Programu yetu ya takwimu haina mambo ya kubonyezabonyeza. Unaiandikia amri, na ukisahau kufunga mabano inagoma. Siku grafu ya samaki aina ya makobo ilipokubali kutokea, nilicheka peke yangu. Mistari miwili ilionyesha urefu wao mwezi kwa mwezi katika sehemu mbili za ziwa: Chisenga nyekundu, Kabuta kijani. Wa Chisenga ulikuwa unashuka.

Tuliipeleka Kabuta, kwenye mkutano wa wavuvi. Batata akainyanyua karatasi, akaweka kidole kwenye mstari unaoshuka.

"Muone, samaki ya hapa Kabuta inakuwa midogo."

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja mwenye beseni la samaki akasimama. "Ya hapa kwetu? Sasa mutatufungia ziwa?"

Nilisita. Kumsahihisha mukubwa mbele za watu si jambo jepesi. Mwishowe nikasema polepole, "Batata, pardon. Huo ni wa Chisenga. Kabuta ni ule wa kijani."

Akaishusha karatasi. "Njo hivyo," akawaambia. "Mimi njo nimekosea. Munisamehe."

Tulipokuwa tunarudi kwa gari akaniambia, "Mwana wangu, nyekundu na kijani mi siwezi kuachanisha. Tangu utoto. Ku macho yangu zote ni kuleri moja."

"Na nyanya sokoni, Batata, munajuaje zimeiva?"

"Ninafinya." Akacheka kidogo. "Bibi yangu, mama ya watoto, njo ananichagulia mashati. Ku biro hakuna mutu anajua."

Nikakumbuka grafu zote nilizowahi kumpa, naye akiitikia tu, "Ni muzuri."

Asubuhi iliyofuata niliziandika upya amri. Kabuta ikawa mstari mnene wa bluu, Chisenga nukta nukta nyeusi, na jina la mahali mwishoni mwa kila mstari. Nikamwita, nikafunga mlango.

Aliufuata mmoja kwa kidole, kisha mwingine, bila kuniuliza kitu.

"Chisenga inashuka," alisema. Akavuta kiti, akaketi karibu yangu. "Leta na ile ya mwaka jana."