Piki Iliyonikataa Mlimani

Mume wangu alipopanda pikipiki yetu peke yake, ilimfikisha Kalembe na kumrudisha Nyabiondo bila tatizo. Nilipopanda mimi nyuma yake, ilizimika mlimani. Hali hiyo ilidumu karibu msimu mzima wa mvua.

Tulikuwa tumetoka Butembo miaka michache kabla ya hapo, tukahamia Nyabiondo na kufungua duka la sabuni, chumvi, mafuta ya kupikia na madaftari. Pikipiki tuliinunua kwa mwalimu aliyestaafu. Ilikuwa na umri kupita ndoa yetu: rangi yake nyekundu imefifia kama kitenge kilichofuliwa sana, kiti kimeshonwa mara mbili. Lakini moteri ilikuwa bado na nguvu. Siku za soko tulifunga mizigo kwenye chuma cha nyuma, mume wangu akaendesha, nami nikakaa kati yake na mizigo, miguu yote upande mmoja kwa sababu ya kitenge. Tulikwenda Kalembe kuuza vitu vya dukani na kununua maharagwe.

Kazi ya maharagwe ilikuwa yangu. Mama yangu alinifundisha kuingiza mkono hadi chini ya gunia, maana mazuri huwekwa juu, na kuuma punje moja ili nijue kama imekauka kweli. Mume wangu ana maneno matamu kwa wateja, lakini mbele ya gunia la maharagwe ni kipofu.

Mara ya kwanza ilizimika kwenye mlima ulio baada ya daraja la miti. Haikupungua nguvu pole pole kama piki inayokosa mafuta. Ilinyamaza ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikashuka. Mume wangu akapiga honi, ikalia. Akawasha taa, ikawaka. Akapiga kiki moja tu, moteri ikaunguruma.

"Umeona?" akasema. "Ilikuwa inapumuzika."

Nikapanda. Hatukufika mbali, ikanyamaza tena. Nikashuka, akafungua kifuniko cha mafuta na kukifunga, akapiga kiki, ikawaka. Mlima ule niliumaliza kwa miguu, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

Fundi wetu wa Nyabiondo ni mzaliwa wa milima ile, mtu mpole asiyependa haraka. Anafanyia kazi kando ya barabara, chini ya turubai. Alibadilisha bugi, yaani kile kitu kinachotoa cheche ya kuwasha mafuta. Tukarudi kwake, akasafisha vichwa vya betri. Tukarudi tena, akafungua sehemu ya ufunguo na kuikausha maji. Kila mara aliijaribu mwenyewe mpaka kanisani na kurudi.

"Iko muzuri, Papa," alimwambia mume wangu. Na kweli ilikuwa nzuri, mpaka mimi nipande.

Mama-mkwe wangu, tunayeishi naye, alilichukua jambo hilo kwa uzito. "Mutoto wangu," aliniambia tukimenya mihogo, "piki zingine zinachagua watu. Muipeleke kwa Padri." Tukaipeleka. Baada ya misa Padri aliinyunyizia maji ya baraka, nami akanipa matone machache. Siku ya soko ikazimika palepale.

Wiki hiyo mume wangu alimpa lifti mwimbaji mmoja wa kwaya, mwanaume mwembamba, akampandisha mlima uleule mpaka juu. Hakikutokea kitu. Aliporudi kunieleza alikuwa amefurahi, masikini, akidhani piki imepona. Mimi niliumia. Kisimani wanawake walishapata la kusema. "Dada, punguza bugali," mmoja aliniambia, na wengine wakacheka mpaka wakaweka ndoo chini. Nilicheka nao, lakini nyumbani nilijitazama kwa ubavu mbele ya kioo, kwa muda mrefu.

Nikaacha kwenda Kalembe. Mume wangu akaenda peke yake, akarudi mapema, amejaa furaha, na magunia mawili. Nililifungua la kwanza, nikamwaga kidogo kwenye mkeka. Juu maharagwe yalikuwa mazuri, mekundu, yanang'aa. Nikaingiza mkono mpaka chini, nikatoa mengine. Yalikuwa na matundu, na vidudu vyeusi vikaanza kutembea kwenye mkeka kama watu wanaotoka kanisani.

Mume wangu alikaa kwenye kreti ya soda, akavitazama.

"Mama," akasema, "mimi nimeshindwa. Soko ijayo tutaenda wote wawili."

"Na piki?"

"Ikizimika nitaisukuma."

"Pamoja na mimi juu?"

"Na wewe juu."

Najua asingeweza kunisukuma mlima ule hata nusu. Lakini aliyasema bila kucheka, na moyo wangu ulilainika hata nikasahau vile vidudu.

Siku mbili zilizofuata nilichambua maharagwe yale kwenye ungo. Kazi ya kuchambua inaacha kichwa huru. Nilianza kuzikumbuka zile safari, kituo kwa kituo. Kila mara piki ilipozimika, mume wangu alifanya jambo tofauti kabla ya kupiga kiki. Mara alitikisa waya, mara alifungua kifuniko, mara alingoja tu. Na kila mara iliwaka. Basi si yeye aliyekuwa akiiponya. Kitu kimoja tu hakikubadilika: mimi nilikuwa nimeshuka. Tena haikuzimika hata siku moja kwenye tambarare.

Nikaacha ungo, nikaenda kumwita mume wangu dukani. "Twende kwa fundi. Na mimi nakuja."

Chini ya turubai palikuwa na waendesha piki wanne wakisubiri zamu yao. Nikamwambia fundi, "Kaka, umeijaribu mara nyingi, lakini hujaijaribu na mimi. Nataka nikae juu hapa hapa, moteri ikiwaka."

Alinitazama, akafuta mikono. "Panda, Mama."

Mume wangu alikaa mbele, akaiwasha, nikakaa nyuma, miguu upande mmoja kama kawaida. Moteri ikaendelea kuunguruma vizuri kabisa. Mmoja wa wale wanne akasema, "Mama, leo imekupenda!" Wakacheka wote. Masikio yangu yalipata moto, nikataka kushuka niende nyumbani. Lakini nilikuwa nimelifikiria siku mbili.

"Hapa ni tambarare," nikasema. "Wekeni gurudumu la mbele juu."

Fundi hakucheka. Alivuta gogo analotumia kama kiti, na wale waliokuwa wakinicheka wakamsaidia kupandisha gurudumu la mbele juu yake, kisha wakaishika piki isianguke. Ikasimama kama inayopanda mlima. Nikakaa tena. Nikahisi mwili wangu ukiteleza nyuma kidogo, mpaka ukingo wa kiti.

Kimya.

Nikashuka. Kiki moja, ikawaka. Nikapanda, ikazimika. Tulirudia mara tatu, na mara ya tatu hakuna aliyekuwa akicheka.

Fundi aliondoa kiti na kukigeuza. Mpira unaokizuia kisigusane na chuma, upande wa kushoto nyuma, haukuwapo. Mtu alikuwa ameweka karatasi ngumu iliyokunjwa, nayo imekwisha. Chini yake waya mmoja mwembamba ulikuwa umelika ganda, shaba inaonekana.

"Waya hii kazi yake ni moja," fundi alisema. "Ukizima na ufunguo, inagusa chuma, cheche inakufa. Taa na honi ziko na njia yao ingine, njo maana zilikuwa zinafanya kazi. Mulima ukifika, Mama anateleza nyuma upande huu, kiti inashuka, waya inagusa chuma."

"Kwa hiyo mimi njo nilikuwa naizima?" nikauliza.

"Wewe, Mama. Bila ufunguo."

"Na mwimbaji?" mume wangu akauliza.

"Alikaa namna gani?"

"Kama mimi. Mguu huku, mguu huku."

"Njo vile. Uzito wake ulikuwa katikati."

Mume wangu alicheka mpaka akajishika kwenye nguzo ya turubai. Nami nilicheka, na safari hii kicheko kilitoka tumboni. Fundi alifunga waya kwa utepe na kipande cha shambreri, yaani mpira wa ndani wa tairi, akaupitisha upande mwingine, akakata mpira mpya kutoka tairi kuukuu. Tangu siku ile, mtu akimletea piki yenye ugonjwa wa kuja na kwenda, swali lake la kwanza ni, "Unabebaka nani?"

Siku ya soko tulipofika kwenye ule mlima, niliona mabega ya mume wangu yamekaza. Nami nilijibana, kana kwamba naweza kujifanya mwepesi. Moteri iliimba mpaka juu. Aliupapasa mkono wangu uliomshika kiunoni, tukaendelea. Kalembe nilichagua maharagwe kwa raha zangu, nikakataa magunia matatu na kukubali mawili. Baada ya mwezi tulijaribu njia ya Ntoto, ya msituni, ambayo hatukuwahi kuthubutu kuipita. Mvua ilitukuta katikati, tukajikinga kwenye kibaraza cha mama mmoja asiyetujua, akatupa mihogo ya kuchoma, tukaila ikiwa moto huku tukingoja mawingu yapite.