Siku Dani Alivuta Sigara Ndani ya Gari ya Baba

Nyinyi wenzangu mliosukuma tairi na kijiti kutoka Manyatta mpaka Kondele bila kuulizwa na mtu, nyinyi mnajua joto ya Kisumu. Sio hii ya siku hizi ya kulalamikia kwa simu. Ile ya zamani, lami inabaki na patipati yako na wewe unaendelea mbele na mguu mtupu. Sasa katika hiyo joto, miaka ya themanini ikielekea kuisha, baba yetu akanunua gari yenye AC.

Ilikuwa nyeupe, ya Mjerumani, alinunua kwa mzungu mmoja wa kiwanda cha sukari aliyekuwa anarudi kwao. Nusu ya Manyatta ilikuja kuigusa. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suti na tai, na sheria za hiyo gari zilikuwa nyingi kuliko zile Musa alipewa mlimani. Usikule njugu ndani. Usiingie na viatu. Na usiguse kioo, kioo hasa! Vioo vilikaa vimefungwa mpaka juu, ndio watu wajue ndani kuna baridi.

Shida ni kwamba baridi ilianza kuhama. Gari ikisimama, inakupuliza kifuani vizuri. Baba akikanyaga mafuta kupanda mlima, inatoka kifuani inaenda kupuliza kioo cha mbele. Baadaye ikakaa huko kwa kioo moja kwa moja, na sisi huko nyuma tukaiva kama mahindi. Lakini Baba afungue vioo? Mbele ya watu?

"Mkae hivyo hivyo," alisema, jasho ikiteremka kwa tai. "Na mtabasamu."

Tukapita Kondele tukitabasamu.

Tungeendelea kuiva mpaka leo kama si harusi ya shangazi yetu Akinyi, dada mdogo wa Baba. Mama alipewa kazi ya keki. Ilikuwa keki yake ya kwanza ya harusi, gorofa tatu, ameipika kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na aisingi nyeupe mpaka inauma macho. Na harusi ilikuwa nyumbani Asembo, kando ya ziwa, unapita Otonglo na barabara ya Busia, jua ya mchana.

"Hiyo keki ikifika kama uji," Mama alimwambia Baba, "dada zako wataniimba mpaka siku mtanizika. Baba Ouma, tengeneza hiyo gari."

Ouma ni mimi.

Ijumaa, harusi ikiwa kesho, Baba akaita Fundi Odhis kutoka Mamboleo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na akisikiliza injini anafunga macho kama mtu anaomba. Akasikiliza. Akafungua macho.

"Gesi iko. Baridi iko. Hii gari inavuja pumzi, Mzee."

Akatueleza. Injini ikivuta hewa, ule mvuto unapitia kwa paipu nyembamba kama mrija wa soda, unaenda kufungua vifuniko vya kuleta baridi kifuani. Paipu ikitoboka, mvuto unapotelea njiani, vifuniko vinalala, na baridi yote inaenda kwa kioo. Ukikanyaga mafuta, mvuto wa injini unapungua, na huo kidogo umebaki ndio unaisha njiani. Mpaka leo sijasikia mwalimu akieleza kitu ikaingia kwa kichwa changu hivyo.

Kazi ikawa kutoa paipu moja moja, kuziba mwisho moja na msumari, kunyonya ile ingine, halafu kuweka ulimi. Ikishika ulimi, nzima. Ikiachilia, imetoboka. Ulimi ulikuwa wangu. Paipu ya kwanza ilinipa buibui mkavu, nikameza. Ya pili ilishika ulimi mpaka nikawa naongea kama mtu ana kiazi moto mdomoni. Mimi niliyeanguka mtihani zote, mpaka form two wakanichoka, hiyo mtihani ya ulimi nilipita yote.

Mpaka saa kumi, paipu zote za injini zilikuwa sawa. Ikabaki moja, inaingia ndani ya dashibodi. Kung'oa dashibodi yote ni kazi ya siku mbili.

"Inataka moshi," Odhis akasema. "Pahali imetoboka panavuta. Ukipuliza moshi pole pole, utaona penye unaingia. Lakini mimi sivuti."

Baba havuti. Mama havuti. Wote tukaangalia juu, chini, kando, kila mahali isipokuwa kwa Dani.

Dani, ndiyo nyanya kwa Kijaluo, ni mama yake Baba, mtu mkubwa kati ya akina mama wa kanisa. Na alikuwa anavuta sigara vile wamama wazee wa kwetu walivuta: moto ndani ya mdomo, kipande cha nyuma nje, mtu asione kitu kinawaka. Sisi wote tulijua. Hakuna aliyewahi kusema.

"Mama," Baba akaanza. "Ile kitu yako."

"Kitu gani?"

"Ile."

"Mimi sina kitu."

"Mama," mama yangu akasema pole pole, "keki."

Dani akaangalia keki. Akaangalia mama yangu.

"Geukeni huko," akasema.

Tuligeuka, lakini mimi niligeuka kidogo tu. Injini ikinguruma, Dani akainama mpaka kichwa ikawa kwa pahali pa miguu, akatoa moshi kwa pua, mwembamba kama uzi. Ukazunguka zunguka kama hauna haraka. Halafu ghafla ukapinda, ukaingia nyuma ya kile kisanduku cha kuwekea karatasi kama mtu amechelewa ibada.

"Hapo!" Odhis akapiga kelele.

Akang'oa kisanduku, akaingiza mkono. Kiungo kimoja cha raba kilikuwa kimepasuka. Akakata raba ya valvu ya baiskeli, akavalisha. Fuuu! Baridi kifuani. Baba alipiga makofi kama mtoto.

Kesho yake keki ilikaa kiti cha mbele, imefungwa mkanda. Tukifika Otonglo Baba akakunja uso. "Vioo hata jana vilikuwa vimefungwa. Sasa watu watajuaje leo ndani ni baridi kweli?" Akafanya Dani avae sweta. Na mimi pia.

Asembo, milango ikafunguliwa, baridi ikatoka, na keki ikiwa imesimama wima kama askari. Mama akatoa pumzi. Lakini na harufu pia ilitoka. Mwenyekiti wa akina mama akanusa.

"Yawa! Nani amevuta sigara kwa gari ya mzee wa kanisa?"

Dani, ndani ya sweta, akaangalia ziwa.

"Ni mimi," Baba akasema.

"Wewe, Baba Ouma?"

"Mimi. Shetani alinishika Otonglo."

Walimwombea hapo hapo, mikono juu ya kichwa, karibu na keki. Dani ndiye aliyesema "Amina" kwa sauti kubwa.

Siku hizi kijana wangu ana gari ya kubonyeza. Ikiharibika, fundi anachomeka kompyuta, inamwambia ni nambari gani imekufa, anaagiza ingine. Hakuna ulimi unachafuka, hakuna mtu anameza buibui. Ni kazi safi, sikatai. Lakini nikikaa hapo kando nangojea, naona kitu moja: gari imeharibika, imetengenezwa, na hakuna mtu ameita nyanya yake.